Mgagani hauoti, mbegu nimetoa mwenyewe Kwimba

MkulimaKigamboni, Juni
Wakuu, habari zenu. Nyuma ya nyumba nina matuta 3 ya mita 6 kwa 1. Mbolea ya dukani sitii wala dawa sipulizi, natumia samadi ya mbuzi iliyokaa miezi 3 na majani makavu ya kutandaza. Mchicha, matembele na kunde vinanikubali vizuri.

Shida ni mgagani, ile mboga ya majani yenye uchungu. Mwezi wa tano nilikwenda kumsalimia mama yangu kijijini Kwimba, Mwanza, nikakuta maganda ya mgagani yameanza kuwa ya njano, mengine yanapasuka. Nikajaza kopo la maziwa ya unga. Siku niliyofika Dar nikasia, nikamwagilia asubuhi na jioni. Leo ni siku ya 23, sijaona hata jani moja. Mchicha niliousia siku hiyohiyo tuta la pembeni tumeshaanza kuupunguza na kuupika. Nimerudia tuta jingine, vilevile.

Mke wangu anasema mchanga wa pwani hauutaki. Mimi siamini, maana nauona unajiotea kando ya njia. Kosa liko kwenye udongo, samadi au mbegu? Mboga hii ndiyo niliyokulia, nataka wanangu nao waijue.

BibiMisungwi
Mwanangu, udongo wako hauna kosa. Mbegu ya mgagani ikitoka tu kwenye ganda inalala. Sisi tunaianika kivulini, tunaitia kwenye kibuyu, tunaisahau mpaka mvua za mwaka unaofuata. Miezi 3 ni kidogo, 6 ndiyo ya uhakika. Hiyo unayoiona njiani ni mbegu ya mwaka jana iliyodondoka yenyewe.

Usizitupe hizo zilizobaki. Zikaushe sawasawa, changanya na majivu makavu, weka mahali pasipo unyevu. Ukisia, changanya na mchanga kwa sababu ni ndogo sana, kisha funika na udongo mwembamba. Ukizifukia chini zitakufia huko.

Na ukiona inatoa maua mapema, chuma vikonyo vyote vyenye maua. Itachipua pembeni na utakula wiki nyingi. Ukiiacha ikae na kiu, inakimbilia kuzaa mbegu na majani yanakuwa machungu kweli.

MkulimaKigamboni
Shikamoo bibi. Nashukuru sana. Kumbe nilikuwa namwagilia mbegu zilizolala! Kopo nimeshalianika. Naomba na jambo la pili: kupika. Mke wangu ni mtu wa Tanga, aliuonja mara moja akaukataa kwa uchungu.

BibiMisungwi
Marahaba. Chambua majani na vikonyo laini tu, miti tupa. Chemsha dakika 10 hivi bila kufunika, mwaga maji. Halafu kitunguu, nyanya, na karanga zilizotwangwa ukazikoroge kwa maji. Acha zichemke polepole mpaka mafuta ya karanga yaelee juu. Ukivuna nyingi, chemsha, anika juani, hiyo ndiyo nsansa. Kiangazi unaila na ugali wa mtama kama vile mvua haijaondoka.

ShambaKisii
Salamu kutoka Kenya. Kwetu tunaiita chinsaga na hatuimwagi maji yote, kwa sababu vitamini C inaenda nayo. Mimi huchanganya na managu, yaani mnavu wenu, inapunguza uchungu. Ikishaiva natia maziwa, nairudisha kwa moto mdogo, halafu inalala hadi kesho. Kesho yake ukiipasha na maziwa kidogo tena, uchungu umetulia kabisa. Jaribu hivyo kwa mama watoto kabla ya kumpa ya karanga.

BibiMisungwi
Ya maziwa ninaijua, ni nzuri. Lakini kwa mtu anayeanza uchungu ukiwa mwingi hatarudia, bora amwage maji mara ya kwanza.

MkulimaKigamboni, Desemba
Narudi kutoa mrejesho. Mbegu za kopo lilelile nilizisia mwisho wa Oktoba, mvua za vuli zilipoanza. Siku ya 6 asubuhi nilikuta tuta limejaa vijani vidogo. Nilimwita mke wangu atoke aone, mchanga wa pwani uleule.

Wiki ya tano tulichuma beseni moja. Nusu nilipika kwa karanga kama alivyosema bibi, nusu tukalaza kwenye maziwa kama ndugu wa Kisii. Mtoto mkubwa alimaliza ya karanga. Mke wangu alikula ya maziwa siku ya pili, akaniuliza imebaki? Sasa amenyang'anya kazi ya kuchuma maua, anapita kila jioni.

Miche 4 ya pembeni nimeifunga kamba nyekundu, hiyo haichumwi. Ni ya mbegu.