Begi la kamera la kupanda nalo bodaboda, na mvua ya Tukuyu: nichukue lipi?

Mpigapicha_Uyole:
Wakuu, habari za leo. Natafuta begi la mgongoni. Vifaa: bodi moja (kamera bila lenzi), lenzi ya milimita 24-70 na ya 70-200, zote f/2.8 (zinazopitisha mwanga mwingi), flashi mbili, betri na laptop ya inchi 14. Kazi ni harusi za Mbeya mjini na Tukuyu, na hifadhi ya Kitulo msimu wa maua. Usafiri wangu bodaboda na Kosta. Bajeti laki na nusu. Kuna jipya dukani, jeusi, wanadai haliingizi maji kabisa. Lingine la mtumba pale soko la Sido, la wapanda milima, lita 30. Lipi?

Kava_la_Mvua:
Mkuu, achana na lita kwanza, nenda na rula upime kina. Bodi ina upana wa sentimita 14 hivi. Begi likiwa na kina cha 11 utalifunga kwa kulazimisha, na mkandamizo wote unaishia pale lenzi inapoungana na bodi. Tafuta 15. Urefu nao: 70-200 ikiwa imefungwa kwenye bodi inakaribia sentimita 30.

Zipu ifungukie upande wa mgongoni. Kwenye Kosta iliyojaa hakuna wa kukufungua kwa nyuma, na ukilaza begi kwenye tope, upande unaokaa mgongoni unabaki juu, msafi.

Hilo neno "haliingizi maji" usilimeze zima. Kitambaa kweli kinaweza kuzuia, ila maji yanapita kwenye mishono na zipu. Na kava la mvua halifuniki mgongo: ukiwa kwenye boda, maji yanateremka kutoka shingoni, yanapita kati yako na begi, yanatuama chini ya kava. Lisilo na tundu la kutolea maji chini linageuka beseni. Shonesha mfuko wa turubai jepesi ukae ndani, mdomo uukunje mara tatu. (Si rambo. Zilipigwa marufuku 2019, na hata kabla ya hapo zilikuwa zinachanika tu.)

SponjiNgumu:
Mkuu hapo juu, mfuko wa ndani na zipu ya mgongoni haviendi pamoja. Mfuko unafungukia juu, zipu iko nyuma, kila lenzi utakayotaka itakubidi uvuruge kila kitu. Chagua kimoja. Kwa mvua ya Tukuyu mimi nasema mtumba wa kufungukia juu, wenye mkanda wa kiunoni, maana mzigo huo ukijumlisha na begi lenyewe ni kilo 7 hivi.

Ila ukague ndani kabla hujalipa. Pitisha ukucha kwenye bitana: ukinata, au ukitoka unga na vipande kama maganda, rudisha. Ule utando wa plastiki umeshaoza na utahamia kwenye vioo vyako. Kisha vuta mikanda ya mabegani kwa nguvu pale juu iliposhonewa.

Boksi la ndani mpe fundi akutengenezee kwa sponji ngumu ya malapa, milimita 10. Ya godoro inafyonza maji na inalala mapema. Vipimo vya ndani sentimita 30 kwa 24 kwa 15, vigawanyo vitatu vya velkro. Akitumia gundi ya viatu, liache wazi mpaka harufu iishe kabisa. Laptop ikae nje ya boksi, upande wa mgongoni.

Mama_Lenzi:
Naongeza machache. Ukumbini begi la mgongoni ni kero, utagonga watu na vyombo. Beba la bega, dogo.

Kwenye boda livae, usilifunge kwenye keria. Mtikisiko unalegeza skrubu na kuumiza mfumo wa kutuliza picha ndani ya lenzi. Apple wenyewe walitoa tahadhari 2021 kuhusu kamera za iPhone na pikipiki.

Ukishuka Kitulo, mita 2,600 na kitu, ukaingia Kyela kwenye joto, usifungue begi hapo hapo. Vioo bado vya baridi, vitatoa jasho. Subiri kama saa moja limefungwa. Na nyumbani vifaa visilale kwenye begi lililolowa, fangasi wanapenda hapo: viweke kwenye boksi la plastiki ambalo mfuniko wake una mpira wa kubana, vipakiti vya silika (vya kunyonya unyevu), kipima unyevu kisome asilimia 40 hadi 50.

Mpigapicha_Uyole:
Asanteni sana. Basi ni la Sido. Ila ni bluu iliyokolea, kuna tatizo?

SponjiNgumu:
Kitulo hapana, baridi ile mbung'o hawaiwezi. Ukipata kazi Ruaha ndiyo ulivalishe kava la kaki au kijivu, kwa sababu bluu iliyokolea na nyeusi ndizo zinazowaita.