Stéphane Couturier: kwa nini picha zake hazina anga?

Mwanafunzi wa Usanifu
Ndugu zangu, nasoma usanifu majengo na nimepewa kazi ya kuandika kuhusu Stéphane Couturier, mpiga picha wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1957 na kupata Tuzo ya Niépce, tuzo ya upigaji picha ya Ufaransa, mwaka 2003. Nimezitazama picha zake za miaka ya 1990 alizoziita Archéologie urbaine, yaani akiolojia ya mji, alizozipiga kwenye maeneo ya ujenzi ya Paris na Berlin, na mara nyingi nashindwa kutambua kilicho mbele na kilicho nyuma. Anga haionekani, na watu ni nadra. Je, amekusudia hivyo?

Mzee wa Kamera
Amekusudia, mwanangu. Kwa picha hizo alitumia kamera kubwa ya filamu, akaielekeza moja kwa moja ukutani na kuuacha upeo wa macho nje ya picha, hivyo cha karibu na cha mbali huonekana kwa ukali uleule, kana kwamba vimebandikwa kwenye ubao mmoja. Wapiga picha wengi wa majengo husubiri kazi iishe na vifusi viondolewe. Yeye hufika wakati shimo la msingi bado li wazi, ukuta wa zamani umebaki nusu, na nondo mpya zimekwisha kusimama. Mwanaakiolojia huchimba ili azifikie tabaka za mji. Couturier huzikuta juu ya ardhi, kabla hazijafunikwa kwa lipu. Chagua nondo moja uifuate kwa jicho hadi ipotee, nawe utaona nafasi ikifunguka.

Binti Mchoraji
Nakubaliana nawe, mzee wangu, lakini kwa picha hizo za mwanzo tu. Katika mfululizo wa picha uitwao Melting Point, aliouanza mwaka 2005 kwenye kiwanda cha Toyota karibu na Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, huunganisha picha mbili kuwa moja, na baadaye akafanya vivyo hivyo katika miji ya Chandigarh, India, na Brasilia, Brazil. Zinapendeza, lakini mimi hupoteza mahali penyewe, na kwangu hiyo ni hasara kubwa.

Ndugu mwanafunzi, nakusihi utazame picha zake za Climat de France, mtaa wa Algiers, mji mkuu wa Algeria, ambao msanifu Mfaransa Fernand Pouillon aliujenga kati ya 1954 na 1957, vita vya uhuru wa Algeria dhidi ya Ufaransa vikiwa vimeanza, kwa ajili ya familia za Kiislamu zilizokuwa zikiishi mabandani. Uwanja wake umezungukwa na nguzo 200 za mawe, zenye fahari ya hekalu. Couturier anapiga kuta hizo moja kwa moja, nawe unaona dirisha baada ya dirisha: hapa madishi ya setilaiti, pale mablanketi yaliyoanikwa, kwingine pazia linalokinga jua. Msanifu alichora madirisha yanayofanana, wakazi wameyatofautisha.

Mwanafunzi wa Usanifu
Nashukuru sana nyote wawili. Nitaanza na Algiers, nihesabu madirisha ya ukuta mmoja na kueleza ni kitu gani kimeongezwa kwenye kila dirisha.