Mlonge, habasoda, manjano au silimarini: ipi yalinda ini na figo mtu akiwa kwenye dawa kali?

Mja wa Kuze
Asalaam aleikum wanabaraza. Mjomba wangu ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, vile vidonge vyenye dawa nne ndani yake. Magoti nayo humsumbua, kwa hivyo humeza diklofenaki juu yake. Juzi kaona mkojo umegeuka rangi ya chungwa, akaapa figo zimekwisha. Tangu hapo kila ajaye kumjulia hali aja na chake. Jirani ataka anywe unga wa mlonge, shangazi kaleta mafuta ya habasoda, binamu katuma vidonge vya manjano na pilipili manga, na kuna duka Mwembe Tayari lauza silimarini (dondoo ya mbegu za mmea uitwao milk thistle) kwa bei isiyotajika mbele ya wazee. Ipi bora? Mahubiri sitaki.

Dawani
Waleikum salaam. Kwanza mtulize mzee. Hiyo rangi ni rifampisini, mojawapo ya hizo dawa nne, hutia wekundu mkojo, machozi, hata jasho. Haina madhara.
Cha kuangalia ni ini, maana isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zaweza kulidhuru. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, akitapika, chakula kimemshinda, au ana maumivu chini ya mbavu za kulia, aende kliniki siku hiyo hiyo. Figo zake mimi nazihofia kwa sababu ya diklofenaki. Hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu mzima asiyekunywa maji ya kutosha katika joto hili letu ndiye huumia zaidi.

Mkulima wa Mtwapa
Mlonge si hadithi za bibi, umefanyiwa utafiti. Panya walipewa sumu ya parasetamoli, wengine jentamisini (antibiotiki iwezayo kudhuru figo), waliopewa mlonge wakapona. Mti wenyewe uko nyuma ya nyumba, bure. Nyinyi mwataka kilichofungwa kwenye chupa.

Kalamu Kavu
Mkulima, utafiti upo kweli, lakini usome hadi mwisho. Mlonge, habasoda na manjano zote hushinda kwa panya. Vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda damuni ini likiumia, hushuka; kreatinini, taka ambayo hupanda figo zikichoka, hushuka; kila kitu kizuri. Ila panya huyo ni kijana mzima wa afya, na mara nyingi hupewa dondoo siku kadhaa kabla ya sumu, kisha sumu yenyewe huwa dozi moja kubwa. Mjomba ni mzee, mgonjwa tayari, na atameza dawa miezi 6.
Halafu kipimo. Panya hupewa kama miligramu 200 hadi 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito wake. Ukigeuza kwa hesabu ya kitaalamu (wagawanya kwa 6 hivi), mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 2 hadi 4 kila siku, na hiyo ni dondoo iliyokamuliwa kwa maji au spiriti ikakaushwa. Kijiko cha unga wa majani hakifiki huko.
Silimarini ndiyo pekee iliyofika wodini kwa maana halisi. Ulaya, sehemu yake iitwayo silibini hutiwa mshipani kwa waliokula uyoga wa sumu wa Amanita phalloides. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu majaribio yametoa majibu yanayogongana.
Ukinilazimisha kupanga: silimarini mbele kwa ushahidi, si kwa bei. Mlonge na habasoda nitaziacha mezani kama chakula. Vidonge vya manjano nitavitupa.

Bi Mwana
Utupe manjano? Sisi twala manjano tangu kuzaliwa, hakuna aliyekufa ini.

Kalamu Kavu
Bi Mwana, shikamoo. Ya chunguni sina ugomvi nayo. Nasema vidonge. Italia na Marekani wamerekodi watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano, na wengi wa wale wa Marekani wana jeni moja iitwayo HLA-B*35:01. Pilipili manga huwekwa makusudi ili kurkumini, kiini cha manjano, iingie damuni kwa wingi, na hapo ndipo balaa.

Dawani
Na pilipili hiyo hiyo ina piperini, ambayo huongeza rifampisini damuni. India wametengeneza kidonge cha kifua kikuu chenye piperini ndani, wakapunguza rifampisini kutoka miligramu 450 hadi 200. Kwa hivyo mwenye kutibiwa asiicheze mwenyewe nyumbani.
Kwa wanaosema cha mti hakidhuru: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walinywa dawa ya kupunguza unene yenye mmea wa jamii ya Aristolochia. Figo zao ziliharibika kabisa, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo.
Swali: mjomba hutafuna muguka? Tembo je?

Mja wa Kuze
Tembo aliacha zamani. Muguka... yuamo. Asema ndio humsaidia na usingizi wa dawa.

Dawani
Basi mwatafuta mlinzi wa mlango na mwizi yumo ndani. Miraa na muguka ni jamaa moja, na miraa imeshahusishwa na homa ya ini. Aache hilo kwanza, hata kabla ya kufikiria silimarini.

Nesi wa Zamani
Niongeze moja. Kinga zilizothibitishwa ni za kawaida mno, ndiyo maana hazina soko. Aliyezidisha parasetamoli hupewa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi akifika ndani ya saa 8. Anayepewa sisplatini kwa saratani hutundikiwa maji ya chumvi ili figo zisafishike. Jentamisini hupimwa kulingana na figo na haitumiwi muda mrefu. Kwa mjomba, kinga ni kupima ini, na kumwambia daktari kila anachokitia kinywani, pamoja na hicho cha shangazi.

Mja wa Kuze
Shukran nyote. Vidonge vya binamu nimevificha. Magoti je? Bila diklofenaki halali.

Dawani
Aulize kliniki kama yafaa ya kupaka, huingia damuni kidogo sana. Na parasetamoli asijiongezee mwenyewe, vidonge vyake vya kifua kikuu tayari vina isoniazidi inayoligusa ini. Dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure, na swali halilipiwi.

Mkulima wa Mtwapa
Mlonge bado ninao lakini. Wa mchuzi.