Eti "hiyo ndiyo sauti yake, mzoee". Hivi huyu fundi ananionaje?

Kagari Kangu (mwanzisha uzi):
Wakuu, modereta msiuhamishe huu uzi, uacheni hapa hapa watu wausome. Nina hasira mpaka simu inateleza mkononi.

Yule fundi mnamjua. Simtaji. Nyie wa njia ya Goba wote mnamjua: gereji chini ya mwembe, kofia ya sufu jua likiwaka utosini, anakuita "bosi" mpaka amalize kuhesabu hela, akishamaliza wewe ni "oya". Huyo huyo.

Ka-Toyota IST kangu mguu wa mbele kushoto unagonga. Nikiingia kwenye barabara yetu ya vumbi yenye makorongo: ngo-ngo-ngo-ngo. Nikifika kwenye tuta kubwa, kimya, kanajifanya kana adabu. Nikikata usukani nimesimama, kwiiiko. Imefikia hatua wanunuzi wa chuma chakavu wananifuata na mkokoteni, wanaulizia bei ya kilo.

Nikampelekea. Akasema shokapu. Tukaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, tukachukua shokapu za mtumba kutoka Japani, akafunga. Ngo-ngo. Akasema bushi za wishboni, vile vipira vya mkono unaoshika tairi kwa chini. Akafunga. Ngo-ngo. Akasema tairodi, kale kafimbo ka usukani. Akafunga, usukani ukaanza kuvuta kulia, na ngo-ngo ipo pale pale.

Leo nimerudi. Jamaa kakaa juu ya tairi bovu anakula mihogo na kachumbari. HAKUINUKA. Mimi na shati jeupe la kazini naitikisa gari mwenyewe ili asikie, yeye anatafuna. Akameza. Akachovya tena kwenye pilipili. Halafu ananiambia: "Bosi, hiyo siyo kelele. Hiyo ndiyo sauti yake. Mzoee."

Mzoee!! Kwani nimeoa?

Na kuna mtu akacheka chini ya Noah. Sijui ni nani, nimeona miguu tu.

Mshika Jeki:
Nawahi siti ya mbele. Nani kaja na karanga?

Bibi Harusi wa Mbezi:
Mkuu pole, ila hapo kwenye "tukaenda Gerezani tukachukua shokapu za mtumba" nimecheka kama mazuri. Umeliwa, umemenywa, na maganda wakakurudishia.

Kagari Kangu:
Hela sijali. HELA SIJALI. Nalalamikia muhogo. Mtu anakujibu ukiwa umesimama juani, mdomo umejaa, hata mkono hakufuta.

Daktari wa Vyuma:
Kijana tulia nikuulize. Umesema kwenye makorongo inagonga, kwenye tuta kubwa kimya. Una uhakika?

Kagari Kangu:
Uhakika upo. Kwenye tuta hata ukiwa na mtoto kalala haamki.

Daktari wa Vyuma:
Basi umejibu mwenyewe. Hiyo ni linki ya stabilaiza, kale kafimbo kenye viungo viwili vya gololi ya chuma, kameshika shokapu huku, kameshika fimbo ya stabilaiza kule, ile inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Kwenye tuta magurudumu yote mawili yanapanda kwa pamoja, fimbo haisokotwi, linki inapumzika. Kwenye makorongo moja linapanda lingine linashuka, hapo linki iliyokwisha inaanza kugonga ngoma. Kuhakikisha ni rahisi: fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, zunguka mtaani taratibu. Kelele ikikata, umempata mchawi. Usikimbie tu, maana gari litalala kwenye kona.

Halafu hiyo "kwiiiko" ni kitu kingine. Alipobadilisha shokapu, mauntingi za juu (vile vikalio vya shokapu) na beringi zake alifunga mpya au alirudisha zile zile?

Kagari Kangu:
Alirudisha zile zile. Alisema "hizi bado zina maisha".

Daktari wa Vyuma:
Hizo ndizo zinazolia. Mwambie mtu akate usukani, wewe shika springi kwa mkono. Ukisikia inajibana halafu inaruka ghafla, beringi ya mauntingi imekufa. Kazi ya kuifungua tena ni ile ile ya shokapu, kwa hiyo utalipa ufundi mara mbili. Linki na mauntingi ni kati ya vitu vya bei nafuu kwenye mguu wa mbele. Yeye kaanza na vya bei kubwa akashuka. Sasa kafika kwenye mihogo.

Mshika Jeki:
"Sasa kafika kwenye mihogo" 😂😂 uzi ufungwe, mshindi kapatikana.

Mjomba Dereva:
Mimi sio fundi lakini ongeza oili ya pawa stiaringi. Yangu ilikuwa inalia hivyo hivyo, nikaongeza, ikanyamaza.

Spana Namba Kumi:
@Mjomba Dereva IST pawa yake ni ya umeme. Oili unamimina wapi, kwenye redio?

Mjomba Dereva:
Nimesema sio fundi.

Spana Namba Kumi:
Ndiyo maana nchi haiendelei. Mtu hana uhakika, ila anamimina.

Mzee wa Tabata:
Wewe kijana unabishana na mtu mzima kwa lugha gani hiyo? Sisi tumeendesha Peugeot 504 wakati nyinyi hamjazaliwa. Gari likigonga unafungua boneti, unalitazama, linaona aibu. Siku hizi magari ni ya plastiki na mafundi ni wa plastiki.

Nimekaa Paleee:
Mkuu mwanzisha uzi, hebu tuwe wakweli. Hiyo gari ya mwaka gani? IST za kizazi cha kwanza zimetoka 2002. Hapo kuna watu humu wamemaliza chuo na bado gari linadai shokapu. Fundi hajakosea, hiyo ni sauti ya uzee.

Kagari Kangu:
Mwaka wa gari unahusiana nini na muhogo? Angesema "bosi sijui", ningeondoka kwa amani. Angesema "rudi kesho", ningerudi. Yeye kachovya pilipili kwanza. KACHOVYA, halafu ndiyo akanijibu.

Binti Ngamiani:
Naomba kuuliza, mihogo ilikuwa ya kuchemsha au ya kukaanga? Inabadilisha uzito wa kesi.

Mshika Jeki:
Ya kukaanga ni dharau. Ya kuchemsha ni dharau kwa kukusudia.

Wa Nairobi:
Majirani poleni. Huku kwetu makanika wangu wa Kirinyaga Road alisikia bushi zinalia akazipaka grisi. Kelele ikaisha kabisa, nikamnunulia soda. Baada ya muda mfupi mpira umevimba, umelainika, umeanza kubanduka vipande vipande. Nikamrudia akaniambia "si ulikuwa unataka inyamaze?"

Daktari wa Vyuma:
Grisi ya kawaida ni sumu ya mpira. Na nyie mliobadilisha bushi juzi, muulizeni fundi wenu: nati za wishboni alizikaza gari likiwa kwenye jeki au tairi zikiwa zimekanyaga chini? Akikaza miguu inaning'inia, ukishusha gari bushi imeshasokotwa. Inakaa imejikunja hivyo siku zote na inachanika kabla ya wakati. Halafu mnasema mmeuziwa bushi feki.

Kagari Kangu:
Alikaza kwenye jeki. Nilimuona. Alikuwa anaimba.

Spana Namba Kumi:
Na kabadilisha tairodi bila kukwambia ukapime alaimenti, yaani mkao wa tairi. Ndiyo maana usukani unavuta. Tairi za mbele zitakwisha upande mmoja, halafu utafungua uzi wa pili kuhusu muuza tairi.

Mama Mapacha:
Kaka mimi naomba tu uangalie boljointi za chini, vile viungo vinavyoshika tairi, kabla hujapeleka watoto shule na hilo gari. Ya jirani yetu ilichomoka wakati anatoka getini, tairi likalala ubavu. Bahati yake alikuwa bado hajaingia barabara kubwa. Piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, usiende popote. Ukishika kushoto na kulia likicheza, hiyo ni tairodi au raki ya usukani.

Nimekaa Paleee:
Mama Mapacha ana gereji kimyakimya.

Mama Mapacha:
Sina gereji, nina mume mbahili. Nimejifunzia youtube.

Mshika Jeki:
Huyu fundi mnayemsema ni yule wa jirani na kituo cha bodaboda? Mwenye mguu unachechemea?

Bibi Harusi wa Mbezi:
Hapana, yule ana heshima zake. Huyu ni yule aliyemrudishia mtu gari na nati moja imebaki, akamwambia "hii ilikuwa ya ziada, Wajapani wana fujo".

Kagari Kangu:
HUYO HUYO.

Kona ya Sinza:
Afadhali wewe umeambiwa uzoee. Mimi nilipeleka gari kuoshwa tu, KUOSHWA, dogo akasogeza siti, akabadilisha stesheni zote za redio, akamaliza chenji ya sarafu kwenye kisahani, halafu akaniambia "broo gari lako linanukia samaki". Samaki walikuwa wangu lakini aliyemuuliza nani?

Dada Mshono:
Nyie wanaume mnalalamika fundi gari, mmewahi kukutana na fundi cherehani? Nimempa kitenge cha sare ya kicheni pati ya mdogo wangu. Kanipima mwenyewe na futi yake, kaandika kwenye daftari lake. Nimeenda kuchukua jana usiku, sherehe leo. Zipu haifungi. Haifungi kabisa, imegoma kiunoni. Ananitazama juu mpaka chini halafu anasema, "Dada, nguo ipo sawa. Ni wewe umeongezeka."

Binti Ngamiani:
UNASEMA???

Bibi Harusi wa Mbezi:
Hapana hapana hapana. Hiyo ni kesi ya baraza la kata.

Mama Mapacha:
Na kitenge kilichobaki kakurudishia? Hao huwa wanashonea watoto wao.

Dada Mshono:
Nimeuliza. Kasema hakikubaki. Mtoto wake kakaa hapo kizingitini, kavaa kaptula ya kitenge changu!

Mshika Jeki:
😂😂😂😂 nimepaliwa na maji.

Kagari Kangu:
Wakuu turudi kwenye mada. Nimepiga picha ya shokapu, naweka hapa. @Daktari wa Vyuma linki za mtumba nichukue au mpya?

Wa Nairobi:
Dada, kwa hiyo ulivaa nini?

Dada Mshono:
Nimejifunga kanga juu, nikawaambia ni mtindo. Watu wawili wameniomba namba ya fundi.

Spana Namba Kumi:
Umewapa?

Dada Mshono:
Nimewapa. Wakamzoee na wao.

Kagari Kangu:
Picha imegoma kupanda. Jamani, linki.

Daktari wa Vyuma:
Mpya. Kaza kwa spana mbili, moja ishike bolti ya kati ya linki isizunguke. @Dada Mshono yule fundi wako anashona kanzu? Ijumaa nina jambo.

Binti Ngamiani:
Mimi naulizia sketi na blauzi, yadi tatu zinatosha?

Dada Mshono:
Peleka tano. Mbili za kwako, tatu za mtoto wake.