PID ya 10.6 au 11.7 kwa karakana ya vanishi Mafinga?

MbaoMafinga: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza milango hapa Mafinga, chumba cha kupulizia kina vijana watano. Wawili wanalalamika kichwa kila ikifika saa tisa. Nataka kipimo cha mvuke wa tina (thinner ya kuyeyushia vanishi). Muuzaji mmoja ananipa PID (kipimo cha mvuke kinachotumia mwanga wa taa) ya taa ya 10.6, mwingine ya 11.7, eti "inaona kila kitu". Bei ya hiyo ya pili inatisha.

FundiUyole: Chukua 10.6, mkuu. Hiyo namba ni nguvu ya mwanga wa urujuanimno kwa elektroni-volti. Mwanga ukiipiga molekuli, elektroni inachomoka, kipimo kinasoma mkondo wa umeme. Gesi inayodai nguvu kuliko ya taa haionekani. Viyeyushi vya kwenye tina, toluini inadai 8.8, asetoni 9.7, zote umezipata. Ile 11.7 ina kioo cha lithiamu floridi kinachonyonya unyevu, na wewe uko Mufindi kwenye ukungu! Utanunua taa mpaka uchoke.

Kyela_Kiwira: Halafu "kila kitu" ni uongo wa sokoni. Methani inadai 12.6. Kwenye mgodi wa makaa ya mawe wenye gesi hiyo PID itakaa sifuri huku hewa inakaribia kulipuka. Huko tumia kipimo kinachoichoma gesi kwenye shanga.

BintiMakambako: Mimi nafukiza maghala ya mahindi. Fosfini, gesi ya kufukizia, PID inaiona, lakini haijui kuitofautisha na mvuke mwingine. Siku moja ilinisomea 4 ghala likiwa limeshapitishwa hewa. Nazunguka magunia yote, kumbe bodaboda imeegeshwa mlangoni, petroli inavuja! Nikahamia kipimo cha kemikali cha fosfini peke yake.

MbaoMafinga: Dada umenichekesha. Sasa namba yangu nitaiaminije?

FundiUyole: PID hurekebishwa kwa gesi ya isobutilini, kwa hiyo namba yake ni ya gesi hiyo. Kwa toluini zidisha karibu 0.5, yaani ikisoma 40, toluini ni kama 20. Tina yako ni mchanganyiko, kwa hiyo ichukue kama kengele tu. Asubuhi ya ukungu itasoma chini, usifurahi.

MbaoMafinga: Basi 10.6. Nitaitundika ukutani ofisini niione.

FundiUyole: Hapana bwana! Avae kijana anayepulizia, karibu na kola. Ofisini unapima chai yako.