Tunisia: waandishi huru waliilinda demokrasia, au waliichimbia kaburi?

Wakuu, nimebishana na jamaa yangu tangu jana. Rais Ben Ali wa Tunisia alikimbia nchi 14 Januari 2011, umma ulipomwangusha. Miaka kumi baadaye, 25 Julai 2021, Rais Kais Saied akasimamisha bunge, na watu wakaingia mitaani kushangilia! Jamaa anasema lawama ni za wanahabari: walipewa uhuru wakaugeuza uwanja wa kutukanana, wananchi wakachoka.

Nakubali nusu, upande wa TV. Zamani serikali ilikuwa na shirika lake, ATCE, la kugawa matangazo ya kulipiwa ya taasisi za umma. Gazeti likileta ukaidi linanyimwa, linakufa njaa. Mapinduzi yakalizika hilo shirika, ila mlipaji mpya akawa tajiri. Tazameni kituo cha TV cha Nessma. Mmiliki wake, Nabil Karoui, alikuwa akionyeshwa humo akizunguka vijijini kugawa misaada kupitia taasisi yenye jina la mwanawe marehemu. Tambi zinashushwa, kamera iko palepale. Wapinzani wakambatiza "Makrouna", yaani makaroni. (Sisi wa kofia na kanga za kampeni tusijifanye kushangaa.) Aprili 2019 mamlaka ya utangazaji, HAICA, ikaenda na polisi kubeba mitambo, kituo kikarudi hewani. Septemba, mwenyewe akiwa mahabusu, akaingia raundi ya pili ya urais.

Sasa huyo ndiye mwandishi huru? Tovuti ya habari ya Nawaat ilianza 2004, ikafungiwa nchini mwake mpaka utawala ulipoanguka. Inkyfada, tovuti ya habari za uchunguzi, ilipoanza kuwataja Watunisia wa Panama Papers (zile nyaraka zilizovuja za kampuni za siri ng'ambo), Aprili 2016, tovuti yao ikadukuliwa. Hao ndio nawatetea.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeruka jambo. Hao unaowatetea wanaishi kwa pesa za wafadhili wa nje. Tajiri anatoa tambi, mfadhili anatoa ruzuku. Saied akisema wanatumiwa na mabeberu, mtu wa kawaida anamwelewa haraka kuliko anavyokuelewa wewe.

Mchangiaji wa pili: Na nani anasoma makala ya kurasa ishirini? Fundi wa mji wa Sidi Bouzid yuko na redio yake hapo gereji. Vita halisi iko redioni. Februari 2023 walimkamata mkurugenzi wa Mosaïque FM, Noureddine Boutar. Mnadhani walikosea mlango?

Mleta mada: Wa kwanza, hapo umenibana. Pesa ya nje ni doa, na wangeitangaza kila senti mapema wasingekuwa rahisi kupakwa matope. Lakini niambie, nani mwingine angelipia uchunguzi wa miezi sita, wakati tangazo liko mkononi mwa tajiri anayechunguzwa?

Wa pili, nakubali kabisa, na ndiyo maana hoja ya "wananchi walichoka" hainiingii. Amri namba 54 ya Saied, ya Septemba 2022, inatoa kifungo hadi miaka 5 kwa "habari za uongo", na 10 zikimhusu mtumishi wa umma. Aliyechoka kelele anazima redio, hahitaji amri ya kufunga watu. Mei 2024 wakili Sonia Dahmani alihoji kwa kejeli kwenye TV ni nchi gani hii ya ajabu ambayo wahamiaji wanaing'ang'ania. Siku chache baadaye polisi wakamfuata hadi ndani ya jengo la chama cha mawakili, France 24 wakiwa hewani mubashara.

Jamaa yangu hapa ananiambia alizidisha ulimi. Haya, wengine mnasemaje?