TV za vyumbani: mgeni aingie kwa akaunti yake, arushe kutoka kwenye simu, au apewe waya?

Mgosi_Raskazone: Wakuu, za humu. Nina nyumba ya wageni Raskazone, Tanga, na nataka kubadili TV za vyumbani. Wageni wangu wengi siku hizi ni wa kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani. Mtu anakaa wiki kadhaa na king'amuzi changu hakigusi, kaja na Netflix yake na Spotify yake. Naona njia tatu: smati TV ya kawaida mgeni aingie kwa akaunti yake, kifaa cha kurushia picha kutoka kwenye simu kama Chromecast, au waya wa HDMI tu, ule wa kuunganisha laptopu na TV, na wifi ya maana. Ipi hainisumbui?

Mama_Chumbageni: Mgosi, kwani ukilipia Netflix moja ukaiweka vyumba vyote?

Fundi_Rauta: Hapana mama, masharti yao yanasema ni matumizi binafsi, si ya biashara. Hiyo tuiache.

Mgosi, kuingia ni rahisi, kazi iko kwenye kutoka. Smati TV ya nyumbani haijui mgeni kaondoka saa nne asubuhi, akaunti inabaki wazi. TV za hoteli zinaunganishwa na mfumo wa mapokezi, ukimtoa mgeni kwenye mfumo zinafuta zenyewe. Marriott walipoingiza Netflix vyumbani mwaka 2015 walifanya hivyo. Kwako wewe atakayefuta ni dada wa usafi, ashike rimoti, arudishe TV ilivyotoka kiwandani, kisha aingize nywila ya wifi upya. Siku wageni watano wanatoka pamoja, atafanya kweli?

Chromecast haibaki na akaunti ya mgeni, hilo ni zuri. Ubaya wake ni mtandao. Simu na kifaa lazima vionane. Ukiiweka rauta ili vifaa vya wageni visionane, na Chromecast haionekani. Ukiiachia, wa chumba namba 3 anarusha taarabu kwenye TV ya namba 7 usiku wa manane. Dawa ni kila chumba kiwe na mtandao wake, na hapo unahitaji rauta inayogawa mitandao. Tena Google waliacha kuzitengeneza 2024 wakaleta Google TV Streamer, kwa hiyo utakazouziwa ni masalio ya stoo.

Abiria_wa_Dar: Naongea kama mgeni. Hoteli moja Bagamoyo niliwasha TV nikakuta akaunti ya mtu, jina lake, hadi katuni za wanawe zimeishia katikati. Nilimtoa mimi, mapokezi walinishangaa tu. Tangu hapo siandiki nywila kwenye TV ya mtu. Kwa watakaosahau: Netflix tangu 2022 ina sehemu ya kuona vifaa vilivyoingia, unakitoa kimojakimoja ukiwa kwako.

Shabiki_Mkwakwani: Mimi Coastal ikicheza nataka Azam, hayo mengine mtajua wenyewe.

Mgosi_Raskazone: Azam haiondoki mgosi wangu 😂. Fundi, na ile ya kuskani?

Fundi_Rauta: AirPlay ya Apple. Ilianza 2024 kwenye hoteli za IHG na TV za LG: mgeni anaskani alama kwenye skrini kwa iPhone, basi. Safi sana, ila wa Android umemwacha mlangoni. Hilton nao walitangaza 2017 chumba ambacho taa, AC na TV vyote vinaendeshwa kwa simu. Kwa nyumba ya Raskazone hiyo ni kutupa hela.

Mama_Chumbageni: Sisi AC tunaandika kitabuni. Fulani anapenda 24, mto mmoja, chai bila sukari. Akirudi anakuta tayari.

Abiria_wa_Dar: Napenda hiyo kuliko TV. Ila mama, muulize kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na daftari la mapokezi kila mtu analipekua.

Fundi_Rauta: Mgosi, ushauri wangu: pesa nyingi weka kwenye intaneti na kuigawa kwa vyumba. Anza na waya, maana wengi wao wana laptopu. Vyumba viwili vya wakaaji wa muda mrefu weka kifaa cha kurushia, uone.

Mgosi_Raskazone: Na waya wakiondoka nao?

Mama_Chumbageni: Uweke mapokezi, achukue na kuacha elfu kumi. Mbona pasi tunafanya hivyo!

Mgosi_Raskazone: Haya, kesho nashuka mjini kuulizia rauta.